Namna ya kumchagua dalali wa kukuuzia nyumba Dar es Salaam: mwongozo kamili

Mama yangu alipoamua kuuza nyumba yake ya Tabata ili ahamie karibu na dada yangu, dalali wa kwanza kufika hakuvuka geti. Alibaki juu ya pikipiki yake, akalitazama paa kwa mbali, kisha akasema: “Mama, wewe niambie tu unataka kiasi gani mkononi, mengine niachie mimi mwanao.” Mama akasema anataka milioni 110. Wiki tatu baadaye, Jumapili mchana, mwanamke mmoja aliyekwisha kuonyeshwa nyumba alirudi peke yake, akabisha hodi, akapewa maji ya kunywa, na baada ya salamu akauliza kwa upole kama ile milioni 140 haiwezi kupungua kidogo. Mama hakujua milioni 140 inayotajwa ni ipi. Alipomweleza bei aliyoisema yeye, mgeni hakufurahi hata kidogo. Aliingiwa na shaka, kwa sababu katika mji huu nyumba inayoshuka milioni 30 kwa dakika moja hudhaniwa kuwa ina mgogoro. Aliaga kwa heshima na hakurudi tena.

Tangu siku ile nimeshiriki katika mauzo ya nyumba nyingine tatu za ndugu na majirani, na nimeshawishika kwamba tofauti kubwa kati ya dalali wa kumkabidhi nyumba na dalali wa kumkimbia iko katika jambo moja: kama anakubali bei yako na malipo yake viandikwe na vijulikane kwa pande zote. Hatua zinazofuata zimepangwa kulizunguka jambo hilo.

Hatua ya kwanza: jua unachokiuza na thamani yake

Usimwite dalali yeyote kabla hujakaa chini na karatasi zako, kwa maana asiyejua anachomiliki hupokea bei na ushauri wa yeyote aliyetangulia kufika. Kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni mali ya umma chini ya udhamini wa Rais, na kile unachokiuza ni haki yako ya kuitumia pamoja na jengo lililo juu yake. Haki hiyo inaweza kuthibitishwa kwa hati miliki ya miaka 33, 66 au 99. Katika maeneo yaliyojengwa bila kupimwa, inaweza kuwa leseni ya makazi, au mkataba wa mauziano tu ulioshuhudiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa. Ukiwa na ghorofa moja ndani ya jengo la watu wengi, umiliki wako huongozwa na sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, na mnunuzi atataka kuona hati ya sehemu hiyo mahususi.

Baada ya hapo tazama jina lililoandikwa. Kama nyumba ni ya ndoa, kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hakimruhusu mwanandoa mmoja kuiuza bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina lake peke yake. Kama mwenye jina amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si mtoto mkubwa wala aliyekuwa akimuuguza marehemu. Nyumba nyingi za urithi za Magomeni, Ilala na Kariakoo hukwama hapa, na dalali anayesema “hayo tutayamaliza baadaye” anakuandalia kesi kati yako na ndugu zako. Kagua pia madeni: kodi ya pango la ardhi, bili za maji, na mkopo wa benki kama hati iliwekwa dhamana. Kodi ya majengo tangu mwaka 2021 hukatwa kupitia LUKU, kwa hiyo angalia kama mita yako imekuwa ikitumika muda wote.

Kuhusu thamani, ushauri wangu ni kumlipa mthamini aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wathamini mapema, badala ya kusubiri mwisho. Taarifa ya uthamini iliyoidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali huhitajika wakati wa kuhamisha umiliki, na ukijua mapema thamani ya nyumba yako utazungumza na dalali ukiwa na msingi wa kusimamia. Mthamini pia hana maslahi katika kukupandisha matumaini ili apewe kazi, wala katika kukushusha ili nyumba iuzike haraka. Bei za matangazo zisikudanganye: tangazo la milioni 180 lenye maneno “maongezi yapo” halikuelezi fedha iliyolipwa. Waulize majirani waliokwisha kuuza, walilipwa kiasi gani hasa.

Hatua ya pili: tafuta watatu wa aina tofauti

Dar es Salaam ina madalali wa namna nyingi. Yupo dalali wa kijiweni, ambaye hukaa kituo cha daladala au chini ya mwembe na anaufahamu mtaa wake nyumba kwa nyumba. Yupo dalali wa mitandaoni, ambaye hutegemea picha za Instagram na makundi ya WhatsApp na huweza kutangaza nyumba ya Goba asubuhi na ya Kigamboni jioni. Na ipo kampuni yenye ofisi, wafanyakazi na risiti. Sioni sababu ya kumdharau wa kwanza. Kwa nyumba ya Mbagala au Chanika yenye mkataba wa serikali ya mtaa, mnunuzi mara nyingi ni mtu anayeishi mitaa ya jirani, na dalali wa kijiweni ndiye anayemjua. Kwa nyumba ya Mbezi Beach au Mikocheni yenye hati, mnunuzi anaweza kuwa Mtanzania anayeishi nje ya nchi, na hapo unahitaji mtu anayepiga picha nzuri, anayejibu barua pepe na anayeelewa taratibu za benki.

Kama nyumba iko Masaki au Oysterbay, dalali wako lazima ajue kwamba mtu asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi nchini isipokuwa kwa uwekezaji ulioidhinishwa kisheria. Atakayekuletea mgeni na kukushauri mtumie jina la rafiki yake Mtanzania, mshukuru na umfungulie geti.

Chukua majina matatu kutoka kwa watu waliouza, si kutoka kwa watu waliopanga. Kupangisha chumba na kuuza nyumba ni kazi mbili, na dalali hodari wa vyumba vya Sinza, aliyezoea kulipwa kodi ya mwezi mmoja siku hiyo hiyo, si lazima awe na subira ya kumfuatilia mnunuzi kwa miezi minne.

Hatua ya tatu: mwite nyumbani na utazame anachofanya

Mahojiano bora hufanyika ndani ya nyumba inayouzwa. Dalali aliyemuuzia mama hatimaye alikuwa mtu mzima aliyekuja na futi ya mkononi na daftari la shule. Alivua viatu mlangoni, akapima sebule na vyumba, akafungua bomba la jikoni akasikiliza kasi ya maji, akapanda ngazi kuangalia tangi, akasoma jina lililo kwenye mita ya umeme, kisha akatoka nyuma ya uzio kutazama maji ya mvua yanaelekea wapi. Bei hakuiuliza mpaka alipokaa. Swali lake la kwanza lilikuwa: “Mama, hati ina jina la nani, na mzee yupo?” Mama alipojibu kwamba baba alifariki na mirathi ilikwisha kufungwa, aliomba kuona nakala ya uteuzi wa mahakama. Hakuwa na kadi ya biashara wala gari, lakini alikuwa anaiandaa nyumba kwa maswali ya mnunuzi, na hiyo ndiyo kazi tunayomlipa dalali.

Wewe nawe muulize. Ameuza nyumba ngapi, si viwanja, katika eneo lako kwa miaka miwili iliyopita, na anaweza kukuunganisha na wauzaji wawili kati ya hao? Angeuza nyumba hii kwa kiasi gani, na anaitoa wapi bei hiyo? Anayetaja bei kubwa kuliko wenzake bila kuonyesha mfano wowote anainunua ridhaa yako, na miezi miwili baadaye atakurudia kukwambia soko limeanguka. Je, huwatoza wanunuzi hela ya kuonyeshwa nyumba? Baadhi yao hutoza, na mnunuzi makini akidaiwa fedha kabla hajaona mlango huenda kwingine bila wewe kujua kwamba aliwahi kuja.

Muulize pia nani hulipa nini wakati wa uhamisho. Jibu la msingi ni kwamba muuzaji aliye mkazi wa Tanzania hulipa TRA kodi ya asilimia 10 ya faida aliyoipata, na mnunuzi kwa kawaida hubeba ushuru wa stempu wa asilimia 1. Kwa kuwa kodi yako hutozwa kwenye faida, risiti za saruji, nondo, mabati na mafundi zina thamani ya fedha, na dalali anayekukumbusha kuzitafuta anastahili alama ya ziada. Akikushauri kuandika bei ndogo kwenye mkataba ili kupunguza kodi, ukatae ushauri huo na utafakari upya kama unamhitaji: bei italinganishwa na uthamini, na mnunuzi akigeuka, wewe utakuwa na mkataba unaosema uliuza kwa nusu ya fedha.

Hatua ya nne: mhakiki

Kwa muda mrefu udalali wa nyumba hapa nchini umefanywa bila sheria mahususi ya kuusimamia, kwa hiyo usitegemee cheti kimoja kukumalizia kazi hii. Taka kitambulisho chake cha NIDA na ukiandike. Kwa anayejitambulisha kama kampuni, taka usajili wa BRELA (wakala wa serikali wa usajili wa biashara), namba ya mlipakodi na leseni ya biashara ya halmashauri, ambayo kulingana na ofisi ilipo itakuwa Jiji la Dar es Salaam, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni. Kwa wa kijiweni, nenda ofisi ya serikali ya mtaa anakoishi ukaulize kama anafahamika.

Wapigie wauzaji wawili aliowataja na uwaulize swali moja zaidi ya yote: “Fedha mliyopokea ilikuwa sawa na aliyolipa mnunuzi?” Ukimya kabla ya jibu hueleza mengi. Kisha mwombe ndugu yako ambaye dalali hamjui ampigie kama mnunuzi wa nyumba nyingine aliyoitangaza, asikilize anavyojibu: kama anapokea simu, kama anasema ukweli kuhusu hati, na kama “mita 200 kutoka lami” anayoisema kwenye tangazo inabaki mita 200 akiulizwa mara ya pili.

Hatua ya tano: malizana naye kuhusu kamisheni na cha juu

Hapa ndipo wengi wetu huona haya, na haya hiyo hutugharimu. Tuseme umesema unataka milioni 120 mkononi. Dalali anamuuzia mnunuzi kwa milioni 145 na kuchukua cha juu cha milioni 25. Kama mngekubaliana kamisheni ya asilimia 5 ya bei halisi, yeye angepata milioni 7 na laki 2 na nusu, na wewe ungebaki na milioni 137 na laki 7 na nusu. Tofauti kwako ni zaidi ya milioni 17, kabla ya kodi, na kwa familia nyingi hiyo ni nyumba ndogo ya kuanzia huko Chanika. Madhara hayaishii hapo, kwa kuwa cha juu humlazimisha dalali kukutenganisha na mnunuzi: hataki mkutane, hataki mzungumze, na mnunuzi anayezuiwa kumwona mwenye nyumba, katika mji ambao kuta nyingi zimeandikwa “NYUMBA HII HAIUZWI” kwa hofu ya matapeli, ana haki ya kuogopa.

Mwambie kwa uwazi: “Bei ya kutangaza ni hii, bei ya chini kabisa ni hii, kamisheni yako ni asilimia kadhaa ya fedha itakayolipwa, na cha juu hakuna.” Kamisheni nilizokutana nazo kwenye nyumba zimekuwa karibu na asilimia 5, ingawa mitaani wapo wanaoanzia 10. Usimbane mpaka akose sababu ya kuamka asubuhi. Mimi humpa asilimia ya kawaida, na kubwa zaidi kwa sehemu inayozidi bei ya mthamini, ili juhudi yake ya kupandisha bei imnufaishe bila kificho. Dalali wa daftari alilikubali hilo palepale. Wawili wengine walisema watapiga simu.

Mkubaliane pia kuhusu mlolongo wa madalali. Mara nyingi mnunuzi huletwa na dalali aliyepewa habari na dalali mwingine, na siku ya malipo utakuta watu wanne barazani, kila mmoja akidai mgao. Kamisheni ni moja, na dalali wako ndiye atakayeigawa kwa wenzake.

Hatua ya sita: andikeni

Kifungu cha 64 cha Sheria ya Ardhi kinataka mkataba wa kuhamisha ardhi uwe wa maandishi ili uweze kudaiwa mahakamani. Makubaliano yako na dalali ni jambo jingine, lakini makubaliano ya mdomo ni vigumu mno kuyathibitisha, kwa hiyo yawekeni kwenye karatasi moja au mbili mbele ya wakili. Yaseme nyumba ni ipi, bei ya kutangaza, kamisheni na lini italipwa, nani anagharamia picha na matangazo, kwamba dalali hana ruhusa ya kupokea fedha wala kusaini chochote kwa niaba yako, na kwamba kila mnunuzi aliyeletwa ataandikwa jina, namba ya simu na tarehe.

Weka muda. Kumpa dalali mmoja haki ya peke yake kwa siku 60 hadi 90 kuna faida, kwa kuwa atathubutu kutumia nguvu zake bila kuogopa kupokonywa mnunuzi, na nyumba yako haitazagaa mitandaoni kwa bei tano tofauti. Miezi 6 bila kipengele cha kuvunja ni mingi mno. Kwa nyumba inayouzwa kupitia madalali wa kijiweni, ambapo kila dalali wa mtaa ataijua siku ya pili, haki ya peke yake haina maana kubwa. Cha muhimu hapo ni bei moja kwa wote.

Hatua ya saba: linda karatasi, funguo na jina lako

Hati halisi haiondoki mikononi mwako, haipigwi picha na kurushwa kwenye makundi, na haiachwi “ofisini” hata kwa usiku mmoja. Mnunuzi aliyeonyesha nia mpe nakala yenye maneno yaliyoandikwa kwa kalamu katikati ya ukurasa, “nakala ya kuonyeshwa mnunuzi tu”, pamoja na tarehe. Kwa nakala hiyo anaweza kufanya upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Usisaini fomu ya uhamisho iliyo tupu, na usimpe dalali hati ya uwakilishi hata kama unaishi Mwanza au Marekani. Mpe ndugu unayemwamini, au wakili.

Siku za kuonyesha nyumba, wewe au mtu wako awepo. Mnunuzi akiuliza kama maji huingia wakati wa masika au kama ukuta uko ndani ya hifadhi ya barabara, dalali aseme kweli, maana waliobomolewa Kimara kwa upanuzi wa Barabara ya Morogoro mwaka 2017 bado wanakumbukwa, na mnunuzi wa leo huuliza mara mbili.

Hatua ya nane: siku ya fedha

Malipo yatoke akaunti ya mnunuzi yaende akaunti ya mwenye jina, kwa njia ya benki, na mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili ambaye umekwisha kumhakiki kupitia mfumo wa e-Wakili wa Mahakama. Hata kishika uchumba kisipitie kwa dalali. Mkilipana kwa awamu, kamisheni nayo ilipwe kwa awamu kwa uwiano uleule, kwa risiti au kwa maandishi yenye saini, ili dalali abaki na sababu ya kufuatilia awamu ya mwisho kama alivyofuatilia ya kwanza. Thibitisha fedha imeingia kwa kuiuliza benki yenyewe. Picha ya ujumbe wa simu si malipo.

Kama muda wa makubaliano umekwisha bila mnunuzi, achana naye kwa adabu na kwa maandishi. Mwombe orodha ya waliokuja, arudishe nakala zote, na aondoe matangazo yake ndani ya siku 7. Mpe haki yake pia: mtu aliyemo kwenye orodha ile akirudi kununua ndani ya miezi 3, kamisheni ni ya dalali yule, na mpya aambiwe hivyo tangu siku ya kwanza. Nyumba ya Tabata ilinunuliwa hivyo, na kijana wa bandarini aliyekuwa jina la tisa kwenye daftari. Alimlipa mama milioni 131 benki, mchana, na dalali wetu akiwa ameketi kiti cha pembeni akisubiri asilimia yake.